Anayeanza unesi ukubwani hahitaji huruma, anahitaji ratiba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuhusu watu wazima wanaoingia vyuo vya uuguzi. Kwa kifupi alisema nafasi ya chuo akipewa mtu wa miaka arobaini na kitu imepotea, maana atasoma kwa shida, atafanya kazi miaka miwili mitatu halafu anastaafu, na kwamba wengi wao wanakimbilia huko baada ya mambo kuwaendea kombo kwingine. Nimeisoma nikacheka, maana mi ni mmoja wa hao anaowasema. Nilikuwa mtunza stoo miaka mingi tu, nimeshavuka arobaini ndo nikaingia darasani na daftari langu, na sasa hivi ni nesi wa wodi ya wanaume, napangiwa zamu kama mwingine yeyote. Sina ugomvi na ndugu yangu huyo ila mahesabu yake hayajakaa sawa.

Tuanze na hayo mahesabu. Mtu akianza na miaka 42, akasoma mitatu, anatoka na 45, akistaafu na 60 hiyo ni miaka 15 ya kazi. Kwani siku hizi ni vijana wangapi wanakaa miaka 15 kwenye kazi moja? Afu Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya uuguzi ya mwaka 2025 lilisema mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na bado kulikuwa na pengo la milioni 5.8. Hao ni watu wasiokuwepo, yaani ni vitanda ambavyo mgonjwa anaita usiku na nesi yuko chumba cha nne anahangaika na mwingine. Katika hali hiyo anakuja mtu mzima na akili zake timamu, ana cheti, ana nia, wewe cha kwanza unamuuliza mwaka wa kuzaliwa.

Na wala hili la umri halikuwa hivi siku zote. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, Dorothea Dix, ambaye ndo alikuwa msimamizi wa wauguzi wa jeshi la Kaskazini, mwaka 1862 alitoa masharti kwamba hapokelewi mtu wa chini ya miaka 35 wala aliyezidi 50. Vijana ndo walikuwa wanarudishwa getini! Simsifii sana huyo mama, masharti yake mengine yalikuwa ya ajabu, mpaka nguo lazima ziwe za rangi iliyopoa bila mapambo, na sababu zake za kukataa wasichana hazikuwa zote za kitabibu. Lakini wagonjwa walihudumiwa. Miaka michache kabla ya hapo Mary Seacole wa Jamaika, aliyezaliwa 1805, alikataliwa na Waingereza waliokuwa wanapeleka wauguzi vita vya Crimea, akajigharamia mwenyewe akaenda, na alikuwa anagonga hamsini. Ni kweli yeye alikuwa na uzoefu wa kutibu watu tangu ujana wake kwa hiyo hakuwa mgeni wa kazi kama mimi, ila hakuna aliyesema kule vitani kwamba miguu yake imezeeka.

Sasa nisije nikaonekana natetea tu watu wa rika langu, ngoja niseme na upande wa pili, maana kuna magumu na wanaotaka kuingia wayajue.

Watu wanadhani ugumu uko kwenye akili, kwamba ukishafika umri fulani mambo hayaingii kichwani. Yanaingia, ila yanaingia kwa mlango mwingine. Majina ya mifupa na misuli wale vijana wanayasoma usiku mmoja asubuhi wanayo, mi nilikuwa nayaandika kwenye vikaratasi nabandika kila mahali mpaka chooni. Lakini tukija kwenye hesabu za dripu hapo mtu mzima aliyewahi kushika kazi ya namba hababaiki. Daktari kaandika lita moja iingie kwa masaa 8, mpira wa dripu ulio nao unatoa matone 20 kwa mililita moja, huna mashine ya kupimia, inabidi ujue ni matone mangapi kwa dakika. Mililita 1000 mara 20 unapata matone 20,000, masaa 8 ni dakika 480, gawanya, inakuja kama 42. Afu unasimama pale na saa yako unaangalia kile kichupa tone moja moja unarekebisha kigurudumu mpaka ikae sawa, na ukirudi baadae unakuta mgonjwa kakunja mkono imesimama, unaanza upya. Hapo umri unasaidia au hausaidii? Mi nasema unasaidia kidogo, kwa sababu mtu mzima alishazoea kurudia kazi ileile bila kununa.

Kinachosumbua kweli ni mwili. Macho kwanza. Maandishi ya kwenye kichupa cha dawa ni madogo kama yameandikiwa sisimizi na usiku taa ya kwenye trei ya dawa haitoshi, kwa hiyo kama una miwani ya kusomea iwe mfukoni mwa yunifomu muda wote, isiwe kwenye begi wala nyumbani. Tunafundishwa kuhakikisha mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, sasa hayo yote utayahakikisha vipi kama kusoma lebo ni kubahatisha. Afu miguu, na usingizi. Naiti za mwanzo nilikuwa kufika saa tisa usiku nahisi kama naongea na watu walioko chini ya maji, na kesho yake mchana usingizi hauji, wakati yule binti wa miaka ishirini na moja anatoka naiti anapiga usingizi mpaka jioni anaamka mzima. Hilo halina dawa, unajipanga tu, unaiambia familia kwamba nikilala mchana jamani sio uvivu, nifungieni mlango.

Na mgongo. Hapa ndo watu wananiambia mzee utauvunja huo. Ukimgeuza mgonjwa aliyepooza kila baada ya masaa mawili ili asipate vidonda kwenye nyonga, visigino na mfupa wa mkia, na wako kama watano wa namna hiyo, kweli mgongo unaongea. Lakini mgongo hauangalii umri, unaangalia umeinama vipi na umeita mtu wa kukusaidia au umejifanya mwamba. Cicely Saunders wa Uingereza, yule aliyeanzisha St Christopher's Hospice mwaka 1967 na kubadilisha kabisa jinsi wagonjwa walio mwishoni mwa maisha yao wanavyohudumiwa, alisomea uuguzi wakati wa vita vya pili vya dunia na mgongo ndo uliomtoa kwenye kazi hiyo akiwa bado kijana kabisa. Akaenda kuwa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, afu alipofika miaka 33 akaanza kusoma udaktari, akamaliza 1957 akiwa karibu anafika arobaini. Yaani mtu aliyeshindwa na mgongo ujanani ndo huyohuyo aliyerudi darasani ukubwani, sasa sijui tumweke kundi gani.

Kuna jambo lingine hamna anayekuambia kabla hujaanza. Utaongozwa na watoto. Incharji wangu wa kwanza, yaani msimamizi wa wodi, baada ya kumaliza chuo alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Asubuhi ananiamkia, shikamoo baba, naitikia marahaba, na kabla sijamaliza kuitikia ananiambia baba mfuko wa mkojo kitanda cha pili umejaa na haujaandikwa kwenye chati, naomba ukaumwage upime kwanza. Na yuko sahihi, kwa sababu kama hujapima huwezi kujua figo za yule mgonjwa zinafanyaje kazi. Wanaume wa umri wangu wengi hapo ndo wanapokwama, wanataka ile shikamoo iwe kinga ya kutotumwa. Mi nilishaamua mapema kwamba nikiwa ndani ya wodi yeye ni sista na mimi ni mdogo wake kikazi, tukitoka nje ya geti nitakuwa tena baba.

Halafu wagonjwa wakiona mwanaume ana mvi na koti jeupe wanakuita dokta. Dokta nisaidie, dokta nitapona lini, dokta huyu sista kaninyima dawa ya maumivu. Inabidi useme hapo hapo, mimi ni nesi, daktari anapita saa fulani, nitamwambia. Ukinyamaza ukafurahia jina, siku moja ndugu wa mgonjwa watakuuliza majibu ya kipimo na utajibu kitu kisicho cha kwako kujibu. Naona hata chuoni wangelisema hili wazi kwa wanafunzi wanaume waliokomaa, kwa sababu kijana hapati tatizo hili kwa kiasi hicho.

Msomaji yule alisema tunakuja mikono mitupu. Si kweli. Stoo ilinifundisha kitu ambacho vijana wengi wanakipata kwa taabu, kwamba kitu kisichoandikwa hakipo. Dawa zinazokaribia kuisha muda wake zinawekwa mbele zitoke kwanza, hiyo nilikuwa naifanya miaka na miaka kabla sijajua mofini, ile dawa kali ya maumivu, ni nini. Mofini yenyewe inakaa kwenye kabati lenye kufuli, ina daftari lake, ukitoa ampuli moja mnasaini wawili, na kila mkibadilishana zamu anayetoka na anayeingia wanazihesabu pamoja. Wanafunzi wenzangu waliona ni usumbufu, mi nilijisikia niko nyumbani. Mwalimu anayekuja kwenye unesi atakuja na kingine, anajua kumuelezea mtu jambo moja kwa njia tatu mpaka aelewe, na ukiwa unamruhusu mgonjwa wa sukari kwenda nyumbani na sindano za insulini hiyo ndo kazi yenyewe. Mama aliyelea anajua kusikiliza kilio kinachobadilika. Dereva wa masafa anajua kukesha.

Lakini pia kuna vitu maisha hayajawahi kukufundisha na ukidhani umri unatosha utaumiza watu. Chukua kitu kidogo tu kama kuhesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Ukimwambia mgonjwa nakuhesabu pumzi, anaanza kupumua kwa makusudi, namba inakuwa ya uongo, kwa hiyo unashika kifundo cha mkono kama bado unahesabu mapigo huku macho yako yako kifuani, dakika nzima, kimya. Ni dakika ndefu hiyo ukiwa na vitanda vingine vinakusubiri, ndo maana kwenye chati nyingi utakuta 18, 18, 20, 18 kutoka juu mpaka chini kwa kila mgonjwa, watu wanaandika kwa mazoea. Na pumzi ndo mara nyingi inaanza kupanda mgonjwa anapoanza kubadilika, presha bado iko nzuri tu na anakuambia niko salama mwanangu. Mkufunzi wangu alikuwa anasimama nyuma yetu na saa yake, anahesabu kivyake, afu anauliza umepata ngapi. Umri wangu haukunisaidia chochote pale, nilijifunza kama mtoto na ndivyo inavyotakiwa.

Hapo nimguse kidogo yule anayefikiria kuingia. Wengi wetu tunaoanza ukubwani tunaanza kwa sababu tuliuguza mtu wetu, mama au baba au mke, tukakaa pembeni ya kitanda miezi, tukaona manesi wanavyofanya kazi, tukasema na mimi naweza hii. Ni sababu nzuri ya kuanza ila haitoshi kukufikisha mbali. Kumuogesha mama yako ni mapenzi. Kumuogesha mtu usiyemjua, mlevi, anakutukana mama yako huyohuyo, amejichafua mara ya tatu asubuhi hiyo, na unatakiwa kumfunika vizuri asiaibike mbele ya wenzake na kumuangalia ngozi kama ina wekundu, hiyo ni kazi na ina ufundi wake. Kabla hujaacha unachofanya sasa jitolee kwanza sehemu wanayohudumia wazee au wagonjwa, wiki kadhaa tu, ujue pua yako inasemaje na magoti yanasemaje. Na chanjo ya homa ya ini B anza mapema kabla hujaenda wodini, ni sindano tatu na kwa kawaida zinachukua miezi sita kukamilika, wengi wanaikumbuka wakiwa wameshashika sindano zenye damu.

Sasa nakuja kwenye kilichonifanya niandike hasa, maana hayo ya umri tungeweza kubishana mpaka kesho. Watu wazima hawaachi chuo cha unesi kwa sababu ya umri. Wanaacha kwa sababu ya ratiba. Darasani kwetu kulikuwa na mama mmoja, ana watoto watatu na baba yake mzazi anaumwa yuko kwake, huyo mama ndo alikuwa anatuongoza famakolojia, yaani somo la dawa, sisi wote tulikuwa tunanakili kwake, ukimuuliza dawa hii ukiipa na ile inakuwaje anakujibu bila kufungua kitabu. Ratiba ya mazoezi ya wodini ilikuwa inabandikwa ukutani Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu. Ijumaa jioni! Unakuta wiki hii uko asubuhi, wiki ijayo naiti, hospitali nyingine kabisa, na huna hata siku tatu za kutafuta mtu wa kukaa na mgonjwa wako. Aliomba kubadilishana naiti na mwenzake, na mwenzake alikuwa tayari kabisa, akajibiwa kwamba chuo hakiwezi kuendeshwa kwa kufuata nyumba ya mtu. Mwaka wa pili akaacha. Hakuna mtihani aliofeli, nasisitiza hapo. Leo hii kama yule mama angekuwa wodini kwangu ningelala vizuri zaidi siku zangu za ofu.

Chuo sikitaji, sina nia ya kuchafua mtu, na naamini sio kimoja. Mfumo mzima umekatwa kwa kipimo cha kijana aliyetoka sekondari, anayekaa hosteli, hana mtoto, hana mzazi wa kumuangalia, akiambiwa kesho uko naiti anabeba begi anaenda. Mtu wa namna hiyo yupo na aendelee kuhudumiwa. Ila huwezi kukata nguo kwa kipimo cha mmoja halafu ukashangaa mwingine haimuenei, ukasema ni mnene.

Na hapa naomba nieleweke vizuri kwa sababu najua watakaosema tunataka kulegezewa. Hapana. Masaa ya mazoezi yabaki yaleyale, hata moja lisipunguzwe. Mtihani uwe uleule na anayefeli afeli, awe na mvi awe hana, maana sindano haijui aliyeishika ana miaka mingapi. Tunachoomba ni hayo masaa yaweze kutawanywa, anayetaka amalize kwa miaka mitatu na mwingine kwa minne, hata mitano. Wale ambao vyeti vyao vya biolojia na kemia ni vya zamani mno wapewe kozi fupi ya kujikumbusha kabla ya kuanza, wapimwe, wakifaulu waingie, badala ya kuwarudisha mlangoni kwa kuangalia tarehe ya cheti. Kubadilishana zamu kati ya wanafunzi wawili waliokubaliana, mbele ya mkufunzi na kwa maandishi, kuruhusiwe, mbona sisi tulioajiriwa tunabadilishana na wodi haijawahi kuanguka.

Nina ombi moja kwako mhariri. Gazeti lako lina waandishi, watume wakawaulize wakuu wa vyuo vya uuguzi jambo moja tu, wasiwaulize kuhusu umri wala wito wala nini. Wawaulize kwa nini ratiba ya zamu za wanafunzi haiwezi kutoka mwezi mmoja kabla. Sisi kwenye wodi yetu zamu za mwezi ujao zimeshabandikwa, naiti zangu nazijua, familia yangu inazijua. Sasa kama kwa wafanyakazi inawezekana, ya wanafunzi wanaofanya kazi kwenye wodi hizohizo inashindikana wapi?

Wako msomaji,
Nesi, wodi ya wanaume